Inapitika

Saa kumi na mbili jioni, mizani ya Usagara,
ujumbe umeingia kwenye simu ya Malongo,
utingo wangu, anausoma kwa sauti kama risiti:
"Angalizo la vipindi vya mvua kubwa
kwa maeneo machache ya ukanda wa ziwa.
Uwezekano wa kutokea: wastani.
Athari: wastani."
Kisha ananigeukia. "Bosi, maeneo machache ndiyo wapi?"

Sijui, Malongo. Huwa ni pale ulipo.

Sikiliza basi, mbele yetu bado malori tisa.
Angalizo ni njano: geuza shingo, utazame.
Tahadhari ni chungwa: mikono yote miwili kwenye usukani,
simu iache, na muhindi wako wa kuchoma uuache.
Tahadhari kubwa ni nyekundu,
na siku hiyo mwenye gari hapigi simu,
anaogopa kusikika akisema nenda.

Hayo ni maneno ya angani.
Ya chini yana ukoo mwingine.
Utelezi ni lami ya Mkuyuni mvua ya kwanza,
vumbi la kiangazi kizima na oili iliyovuja;
dakika ishirini za mwanzo ndizo mbaya.
Tope, ukilikanyaga, linakuachia.
Mbuga haikuachii. Ule udongo mweusi wa Kwimba
unaivisha tairi soksi, kisha kiatu,
kisha unakaa nayo kama mgeni aliyeleta godoro.

Halafu kuna "inapitika".
Shuleni tuliambiwa: sahani imevunjika,
na hakuna aliyeivunja.
Barabara inapitika, vivyo hivyo:
haisemi na nani, kwa gari gani,
amebeba nini, anadaiwa na nani.

Aliyenifundisha gari ni Bugumba.
Desemba moja tulikuwa na magunia tisini ya mbegu za pamba,
tunatoka Ngudu kwenda Magu,
na wakulima wamebakiwa na siku nne za kupanda.
Redio ilisema angalizo. Njano tu.
Tukafika kwenye drifti saa mbili usiku,
maji yanapita juu ya zege, kimya,
na kijana mwenye tochi anatuita: "Inapitika! Njooni!"
Bugumba akamuuliza, "Wewe umeipita?"
Kijana akamulika pembeni.

Tukalala pale. Mvua ikalala juu yetu.
Turubai lilikuwa na tundu, kosa langu,
nilikuwa nimeahidi kulishona.

Asubuhi maji yalikuwa yamekwisha.
Kwenye matope ya ng'ambo, mistari miwili myembamba:
gari dogo, Probox labda, lilipita usiku
huku sisi tumekoroma.
Magunia sita yalikuwa yameanza kuota,
vichwa vyeupe vinachungulia katani.
Mwenye mzigo alikata nusu ya nauli.
Pale stendi ya malori wakampa jina, Bwana Njano,
likamganda mpaka alipoacha kazi.

Nami nilicheka, Malongo. Nilikuwa na umri wako.
Nilihesabu: maji yangefika magotini, tungepita.
Nimehesabu tena mara nyingi tangu hapo,
nikiwa mwenyewe kwenye usukani,
na kila mara yanafika mahali tofauti.

Usiniulize kama alikuwa sahihi.
Ukisimama, hupewi cheti cha ajali uliyoikosa.
Unapewa mbegu zilizoota, na jina.

Tazama kule ziwani, umeme unafungua mawe
na kuyafunga. Bado mbali.
Foleni imesogea. Mizani itatutajia uzito wetu mpaka kilo ya mwisho;
mengine yote leo ni wastani.
Shuka, uzunguke gari,
upitishe mkono chini ya turubai, kila kona.
Nitakusubiri.